Imondo Kwenye Bakuli Langu

Nilianza kushuku siku nilipopewa imondo.

Kwa asiyekuwa wa huku kwetu Shinyalu, lazima nieleze. Kuku akichinjwa, hakuna kiungo kisicho na mwenyewe. Kichwa na miguu ni za watoto, wagombane. Paja ni la mgeni, hata kama mgeni mwenyewe amekuja kudai jembe lake. Shingo na mgongo ni za mama, ambaye atasema anazipenda. Na imondo, yaani firigisi, ni ya mwenye nyumba. Haiombwi, haionjwi, haigawanywi. Kuna wanawake waliorudishwa kwao kwa sababu ya imondo iliyopotea kati ya jikoni na meza. Mtu anaweza kupika kuku maisha yake yote, azeeke, apate wajukuu, azikwe, na asijue imondo ina ladha gani, kwa sababu tu alizaliwa msichana.

Kwa hivyo Jumapili ile, nilipochovya obusuma, ugali wetu, kwenye mchuzi nikagusa kitu kigumu cha mviringo, nilikitoa, nikakitazama, nikakirudisha haraka kama mtu aliyeokota simu ya mwalimu mkuu.

"Mama, umekosea bakuli."

"Sijakosea. Kula."

Ndugu yangu mdogo, ambaye yuko darasa la sita na anajiona waziri, alisimama. "Hiyo ni imondo! Na yeye ni msichana!"

"Na wewe ni kelele," mama akamjibu. "Keti."

Upande wa pili wa meza baba alikuwa akila kabichi iliyochemshwa mara mbili mpaka ikapoteza tabia. Hakuinua uso. Nikala. Mtu akipewa kiti cha chifu hakai kuuliza kama ni cha mbao gani. Lakini nilitafuna polepole, nikiwaangalia wote mmoja mmoja, na hakuna aliyeniangalia. Hapo ndipo niliposhuku.

Baba ni mgonjwa. Figo zake zilianza kuchoka mwaka juzi, na mwaka jana zikalala zote mbili kabisa. Sasa Jumatatu na Alhamisi anaenda hospitali mjini Kakamega, anaunganishwa na mashine, damu inatoka upande mmoja chafu na kurudi upande mwingine safi. Jioni anarudi amefifia kama shati lililofuliwa sana. Huyu ndiye mtu ambaye siku za kupiganisha ng'ombe alikuwa anatembea mbele ya fahali, akipuliza pembe, vumbi mpaka kwenye kope, na watu wazima wakimpisha njia. Leo akitoka chooni anapumzika kwenye jiwe kabla ya kufika mlangoni. Maji anapimiwa kwa kikombe kidogo cha plastiki, na kikombe kikiisha kimeisha.

Daktari alisema mashine ni ya kungojea tu. Kinachotakiwa ni figo ya mtu. Mtu wa damu yake ikiwezekana, na awe ametimiza miaka kumi na minane. Baba na mama walirudi na hayo maneno, wakayaweka katikati ya nyumba, na hakuna aliyeyaokota.

Mimi ni kifungua mimba. Agosti natimiza kumi na minane. Hesabu si somo langu, lakini hiyo nilijua kuifanya.

Wiki iliyofuata nikaanza kuona mambo. Nilishika mtungi niende kisimani, mama akaupokonya. "Acha, utaumiza mgongo." Mgongo! Tangu lini? Mgongo huu umebeba kuni, umebeba magunia ya majani chai, umembeba huyu waziri mdogo mpaka akajifunza kutukana. Nikaenda chumbani nikafungua kitabu cha bayolojia, nikatafuta mchoro. Figo ziko wapi? Mgongoni, upande huu na upande huu. Nikafunga kitabu.

Siku nyingine baba aliniita pale anapoota jua.

"Kitambulisho utapata lini?"

"Nikitimiza miaka, baba. Agosti. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Baba haulizangi tu. Baba ni mtu wa kununua msumari mmoja baada ya kukagua pakiti nzima. Nikamwambia labda kutakuwa na foleni ndefu, labda mashine ya kuchukua alama za vidole itakuwa imeharibika, unajua serikali. Akasema, "Basi uende mapema." Nikasema nitaenda. Nikaondoka pale nikitembea kinyumenyume, nimeuficha mgongo.

Jumapili ya pili, imondo tena. Kwenye bakuli langu. Sasa nikajua kabisa. Ng'ombe wa kuchinjwa hupewa majani mazuri.

Shuleni nako hakukuwa na usalama. Sisi ni kidato cha nne, tunarudia masomo ya zamani kwa ajili ya mtihani, na wiki hiyohiyo mwalimu wa bayolojia akafika kwenye figo. Akachora maharagwe mawili makubwa ubaoni, akapuliza chaki vidoleni, akasema mtu anaweza kuishi vizuri kabisa na figo moja.

"Sasa niwaulize. Nani hapa angempa mtu figo yake?"

Tukatazamana. Kisha kijana wa nyuma, yule ambaye kwao wanafuga fahali na yeye mwenyewe ana shingo ya kazi hiyo, akasema, "Mwalimu, anza wewe."

Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, lakini niliona hakujibu.

"Mimi siwezi," kijana akaendelea. "Na hata nikifa siwezi. Ukishasema utatoa viungo, halafu upate ajali, daktari anafika, hakutibu. Anasimama tu anaangalia saa."

"Anaangalia saa ya nini?"

"Anangoja uive."

"Wewe!" akasema msichana ninayekaa naye dawati moja. Kwao ni Mumias, walihamia huku baba yake alipofungua duka. "Mimi nilimuuliza baba hayo mambo. Akasema kuokoa nafsi ya mtu ni jambo kubwa sana. Mama naye akasema ni kubwa, ndiyo, lakini lianzie kwa jirani."

"Mimi naweza kutoa kila kitu isipokuwa macho," mwingine akasema dirishani. "Sitaki mtu aone vile nimeona."

"Umeona nini wewe, kando na pilau za matanga?"

"Na yule mtu wa bodaboda pale sokoni? Mwenye kovu huku ubavuni? Alipata wapi pikipiki mpya?"

"Si alianguka?"

"Alianguka akapata pikipiki? Nami nionyeshe mahali alianguka."

Basi kila mtu akawa na hadithi yake ya jamaa aliyeenda mjini akiwa mzima akaamka kwenye beseni la barafu. Hakuna aliyekuwa anamjua huyo jamaa, lakini binamu wa rafiki wa mtu alimjua. Mimi sikusema kitu, na hilo peke yake lingetosha kuita ambulensi. Mwalimu akanigeukia. "Na msemaji wetu?"

"Mimi natoa kidole tumbo," nikasema. "Leo hii. Na yule atakayekipata nitampelekea mpaka nyumbani."

Wakacheka mpaka darasa la jirani wakagonga ukuta. Hawakujua habari za baba. Nilikuwa nimesema tu kwamba anaumwa malaria, malaria ndefu.

Mwalimu akafuta ubao nusu, akasimama. "Haya. Na kama ni mama yako? Au baba?"

Hapo utani uliisha kama taa iliyokatwa. Tukaangalia madawati. Kisha kijana wa shingo akakohoa akasema, kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia siku hiyo, "Kwetu tuko tisa, mwalimu. Lazima kuna mwenye alinitangulia."

Hakuna aliyecheka. Nadhani kila mmoja alikuwa anawahesabu ndugu zake. Mimi nilihesabu wangu. Kuna mimi, na kuna waziri wa darasa la sita.

Nilitembea kwenda nyumbani kwa ile njia ya miguu inayopita kando ya mashamba ya chai, nikijisemesha. Naogopa kisu? Ndiyo. Naogopa kufa Agosti, wiki moja baada ya kupata kitambulisho, picha yangu ya kwanza ya serikali iwe ndiyo ya kuwekwa kwenye tangazo la kifo? Ndiyo sana. Lakini lililonikera zaidi ni ile njia yao. Si waniombe! Mtu aseme, binti yetu, mambo ni hivi na hivi. Badala yake wananinonesha kimyakimya kwa firigisi, kama vile mimi sina akili ya kujua bei ya kitu.

Jumamosi mama alikuwa nje ya jiko akinyonyoa kuku mwingine. Kwa nyumba ambayo zamani ilikuwa inachinja Krismasi, kuku hawa walikuwa wengi mno. Nikakaa kando yake kwenye kigoda, nikashika bawa.

"Mama, mnaninonesha?"

"Nini?"

"Imondo. Mtungi. Kitambulisho. Mimi si mtoto. Semeni tu mnataka figo yangu."

Mama aliacha kunyonyoa. Manyoya yalikuwa yamemganda mikononi mpaka kwenye viwiko. Nilitegemea akasirike, au alie, au anirushie kuku. Alicheka. Alicheka kicheko kibaya kifupi, kama mtu aliyejikwaa.

"Figo yako? Nani ameitaka figo yako? Baba yako ulipotajwa tu na daktari, alisimama akatoka nje na ile sindano bado mkononi. Alisema ukiguswa ataichomoa ile mipira ya mashine mwenyewe."

Nafuu iliniingia kama uji wa moto. Na kabla haijafika miguuni nikaishuku hiyo nafuu yenyewe, kwa sababu ilikuwa kubwa kupita kiasi.

"Sasa nani atampa?"

"Hakuna. Amekataa. Senge yako alijitolea tangu mwaka jana. Amemkataa pia."

Senge ni dada ya baba, wa pekee. Ameolewa Matete, wanalima miwa na mahindi, na sauti yake ikiingia nyumbani mbwa hutoka. Sikujua hata kidogo kwamba amejitolea.

"Anamkataaje? Si ni damu moja?"

Mama akarudi kwenye kuku. Aliongea akiliangalia lile paja. "Unajua mimi nililetwa hapa na nini? Babu yako hakuwa na ng'ombe. Walingoja senge yako aolewe. Mahari yake ilipofika kutoka Matete, ng'ombe hawakulala hapa hata wiki. Walifunguliwa wakapelekwa kwetu, ndio baba yako akanioa. Ng'ombe wa dada ndio walijenga hii nyumba. Ndio mimi. Ndio wewe. Sasa baba yako anasema, dada yake ameshajenga hii nyumba mara moja kwa mwili wake, hawezi kumwita tena aje atoe na mwili wenyewe. Na kule kwa shemeji zake wakiambiwa wanamzika mtu pungufu, watakuja kuuliza hapa."

"Na imondo?"

Aling'oa unyoya mmoja mrefu, akauweka chini vizuri kama kitu cha kutumiwa tena.

"Daktari alimkataza nyama za ndani. Nikamuuliza baba yako, sasa hii nimpe nani? Akasema, mpe mwenye nyumba. Nikamwambia, mwenye nyumba si wewe? Akageuza uso. Halafu akasema, mzoeze huyo mkubwa."

Kuku alikuwa uchi kabisa sasa. Tukabaki tunamwangalia.

Kwa hivyo kitambulisho kilikuwa cha shamba. Cha simu yake, cha ushirika wa chai, cha yale majina ambayo yanatakiwa kuandikwa mtu akiondoka. Mtungi ulikuwa wa mtihani tu, nipate muda wa kusoma. Baba hakuwa ananinyemelea. Alikuwa anapakia mizigo yake. Wiki mbili nzima nilikuwa nimekula kiti cha baba yangu, kimekaangwa vizuri kwa nyanya, na nikalamba vidole.

Nilichukua simu ya mama kwenye dirisha la jiko, nikaenda nyuma ya choo ambako mtandao hupatikana. Senge aliitika kabla haijalia vizuri.

"Nani?"

"Ni mimi, senge. Njoo. Baba anagawa imondo."

"Anagawa nini?"

"Imondo yake. Ananipa mimi."

Nilisikia mahindi yakipukuchuliwa upande wake, kisha yakaacha. Yeye amezaliwa katika nyumba hii. Hakuhitaji maelezo.

"Mwambie mama yako asichinje mwingine," akasema. "Nakuja na wangu."

Jumapili akafika, kuku wa Matete amembana kwapani, mbwa wetu akatoka. Akamsalimia baba kwa kirefu: habari za mwili, habari za shamba, habari za yule fahali wa zamani aliyeuzwa Iguhu. Maneno ya figo hakuyagusa. Baba akamwangalia kama mtu anayeangalia wingu.

"Umekuja kwa nini?"

"Ni lazima niwe na sababu ya kuja kwetu?"

"Wewe? Ndiyo."

Mama akapakua. Imondo ikatua kwenye bakuli langu, kama ilivyoagizwa. Nikaichukua kwa vidole, nikainuka, nikaizungusha mezani mbele ya macho yote, nikaiweka kwenye bakuli la senge.

"Hiyo si yake," baba akasema.

"Si yangu pia. Ulisema ni ya mwenye nyumba. Hii nyumba ilijengwa na ng'ombe wa nani?"

Waziri mdogo aliacha kutafuna. Baba akamgeukia mama, na mama akagundua kwamba obusuma unahitaji kukatwa upya. Nilitegemea kofi. Baba hana tena nguvu za kofi, lakini macho yake bado yanazo.

Senge aliigeuza ile imondo, akainusa, akatuangalia mmoja mmoja kwa shuku kubwa. Nikamtambua. Huo ulikuwa uso wangu wa wiki mbili.

"Kuna kitu ndani?"

"Hakuna, senge."

"Nilikuwa naichungulia kwa ule mlango," akasema. "Baba yetu akiitafuna amefunga macho. Nikasema lazima ni kitu cha mbinguni." Akaitia yote mdomoni. Akatafuna. Akatafuna tena. Tukangoja.

"Ni hii tu?"

Akaihamishia shavu la pili.

"Ni mpira! Kwa hii ndio mlikuwa mnatufukuza jikoni? Kwa hii mpira?"

Baba alicheka. Kicheko kilitoka kidogo, kikamwumiza, akashika ubavu, kikatoka tena. Sikuwa nimesikia hicho kicheko tangu mashine. Senge hakucheka. Alikuwa bado anapambana na imondo shavuni, na hivyo ndivyo alivyosema, mdomo umejaa:

"Alhamisi naenda na wewe. Watoe damu waangalie. Wakisema haifanani, narudi kwangu nikapalilie miwa. Wakisema inafanana, utanyamaza."

"Na shemeji?"

"Shemeji yako alisema nitazikwa pungufu. Nikamwambia, si mtu akipotea mtoni mnazika mgomba badala yake? Basi nikifa mniwekee kipande cha mgomba hapo ubavuni, nafasi ijae."

"Usiongee hivyo."

"Wewe ndio usiongee. Unamlisha mtoto kiti chako ukiwa bado umekikalia."

Senge akajaribu kumeza, ikakwama, akapiga kifua. Na baba akakisukuma kile kikombe kidogo cha plastiki kuvuka meza. Kilikuwa na maji yake ya mchana wote. Senge akakitazama, akamtazama, akakinywa mpaka chini.

Alhamisi walitoka pamoja asubuhi, hawaongei, senge mbele kama anayeongoza fahali. Walirudi jioni, kila mmoja na pamba imebandikwa mkononi. Majibu hayajatoka. Kijana wa shingo aliniuliza shuleni baba yangu anaendeleaje na ile malaria. Nikamwambia si malaria. Akaniangalia, akachora kitu kwenye dawati kwa kucha, kisha akauliza kama ni kweli ile ya kuamka kwenye beseni. Nikamwambia sijui, nitamwuliza senge, kama atapasuliwa, akiamka.

Agosti bado iko pale pale. Sijaulizwa, na nikiulizwa sijui nitajibu nini. Nimeacha kujidanganya kwamba ninajua. Wanaosema haraka kwamba wangetoa nawashuku, na wanaosema haraka kwamba hawawezi nawashuku pia.

Leo ni Jumapili tena. Mama amechinja, amepika, amepakua. Kichwa na miguu kwa waziri, paja kwa senge ambaye bado yuko hapa kama mgeni, shingo na mgongo kwake mwenyewe. Imondo imebaki kwenye sufuria. Mama ameifunika bila kusema ni ya nani, na kila mmoja wetu anakula huku akikiangalia kile kifuniko.